Shule Njema Hujulikana kwa Nini?

Mwezi wa Desemba mwaka 2025, katika juma lile ambalo matokeo ya mtihani wa Gredi ya 9 yalitangazwa Kenya kwa mara ya kwanza, jirani yetu mmoja alitujia jioni pamoja na binti yake. Binti alikuwa amemaliza Gredi ya 6, na baba alitaka kujua kama amwache katika shule ile ile aliyoanzia au amhamishe. Baada ya kuamkiana na kunywa chai akasema, "Mwalimu, ninyi ndio mnaojua mambo haya. Katika shule za serikali zilizo hapa mjini, ipi njema?" Tukataja jina la shule papo hapo, kama walimu wengi wafanyavyo waulizwapo. Akashukuru, akaenda zake. Usiku tukajiuliza jina lile tumelitoa wapi. Hatukupata kufika katika shule hiyo ila mara moja, siku ya mashindano ya mpira, wala hatukuingia darasani hata dakika moja. Tulikuwa tumempa mwenzetu uvumi, na kwa uvumi huo angemhamisha mtoto.

Ndiyo sababu ya kuandika maneno haya. Twataka kuuliza jinsi shule ya kati ya serikali ipasavyo kuhukumiwa, na kwa nini hukumu zetu za kila siku, sisi walimu pamoja na wazazi, ni mbovu.

Msomaji asiyekaa Kenya afahamu kwanza ni shule gani tunazozisema. Wazee wetu walizijua shule za kati. Baada ya ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 elimu ya Waafrika katika Kenya ilipangwa miaka minne ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari, na mwisho wa ile ya kati palikuwa na mtihani ulioitwa KAPE, mlango mwembamba ambao wengi hawakuupita. Baada ya Uhuru madarasa ya kati yaliunganishwa na ya msingi. Mwaka 1985 ukaja utaratibu wa 8-4-4, wenye miaka minane ya msingi na mtihani wa KCPE mwisho wake, nao mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mtoto husoma msingi miaka sita, kisha huingia Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, ziitwazo Sekondari Msingi, zilizoanza mapema mwaka 2023. Ndipo huendelea na miaka mitatu ya sekondari ya juu. Basi shule ya kati imerudi kwa jina jingine. Humpokea mtoto mwenye umri wa miaka 12 na kumtoa akiwa na miaka 14 au 15, yaani katika umri ule ule ambao mtoto huanza kuponyoka: wa kiume kwa kufuata vijishilingi vya sokoni na bodaboda, wa kike kwa mambo ambayo kila mwalimu ayajua.

Watu huzipima shule hizi kwa macho na kwa hesabu. Kipimo cha macho hakina haja ya maneno mengi. Mzazi huona ukuta uliopakwa rangi, lango la chuma, maua yaliyopandwa ndani ya matairi yaliyokatwa, akasema hapa pana shule. Rangi ni kazi ya siku mbili. Hatuidharau, maana mwalimu asiyejali uwanja wake huenda hajali na daftari. Lakini tumeyaona maua mazuri sana mbele ya madarasa ambamo hapakuwa na mwalimu.

Kipimo cha hesabu ndicho chenye hatari, kwa kuwa hufanana na kweli. Kwa miaka mingi shule zilipangwa kwa wastani wa alama za KCPE, ambazo zilikuwa 500 kwa jumla. Wastani ukipanda, walimu walisifiwa na mwalimu mkuu alibebwa juu juu na wazazi huku akiimbiwa. Ukishuka, wazazi walifunga lango. Ebu tutazame wastani huo wafanywaje. Tuseme shule ina watahiniwa 50, na wastani wao ni alama 250. Jumla ya alama zote ni 12,500. Katika hao 50 wamo 10 walio dhaifu, ambao wastani wao ni 150, yaani alama 1,500 kwa wote kumi. Waondoe hao kumi. Zitabaki alama 11,000 kwa watoto 40, na wastani utakuwa 275. Shule imepanda alama 25, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza herufi moja zaidi ya jana. Shule nyingine ya pili yake, ambayo imewashika kumi wake dhaifu ikawafundisha mpaka saa kumi na moja jioni, itaonekana mbaya kuliko hii.

Tena wastani wa shule ndogo ni kama jani juu ya maji. Shule yenye watahiniwa 20 na wastani wa 240 ikipata mwaka mmoja watoto wawili tu wenye alama 400 kila mmoja badala ya 240, wastani wake utapanda kuwa 256. Watasema mwalimu mkuu mpya ameleta mwanga. Mwaka unaofuata watoto wale wawili hawapo, wastani unarudi 240, na mtu yule yule ataambiwa amelala.

Hapa yatupasa tuseme na letu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa walimu vijana, tulifundisha Darasa la 7 na la 8 katika shule ambayo hatutaitaja jina. Mwisho wa mwaka mmoja mwalimu mkuu alileta chumbani mwa walimu orodha ya majina kumi na moja ya Darasa la 7, akasema kwamba hawa wakipanda Darasa la 8 wataushusha wastani wetu. Basi ama warudie darasa, ama wazazi wao watafute shule nyingine ya kuwaandikisha mtihani. Akauliza nani ana neno. Hapana aliyekuwa na neno. Sisi nasi tulinyamaza, na katika majina yale tulikuwa tumeandika manne kwa mkono wetu wenyewe, kwa kuwa hesabu ilikuwa somo letu.

Mmoja katika wanne hao alikuwa msichana aliyelelewa na bibi yake. Siku ya kufunga shule bibi akaja akasimama mlangoni. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza, "Mwanangu, huyu mtoto amekosa nini?" Tukamwambia hakukosa neno, ila bado hajawa tayari kwa Darasa la 8. Akafikiri kidogo, akasema, "Na akirudia, mtamfundisha lile ambalo mwaka huu hamkumfundisha?" Hatukuwa na jibu. Muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata msichana hakurudi, wala wa pili. Na katika kitabu cha mahudhurio jina lake lilipigwa mstari kwa rula na wino mwekundu, mstari ulionyoka vizuri. Matokeo ya mtihani yalipokuja wastani ulikuwa umepanda alama kumi na tisa. Wazazi walileta soda na mandazi. Tulikula mandazi yale.

Kwa hiyo twajua tusemalo. Wala haikuwa shule yetu peke yake. Mwalimu ye yote aliyefundisha Kenya katika miaka ile, akiwa mkweli, atakuambia habari za watoto waliorudishwa darasa au kuandikishwa mtihani katika shule nyingine ili wasiiharibie shule yao jina. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu iliacha kuzipanga shule kwa wastani, na makosa haya yalikuwa miongoni mwa sababu. Tulifurahi. Lakini kumnyang'anya mtu kipimo kibaya bila kumpa kizuri ni kumwacha na uvumi tu. Mzazi ana haki ya kujua shule anayompeleka mwanawe ni ya namna gani, nasi walimu tuna desturi mbaya ya kuona kila aulizaye kuwa ni adui.

Na sasa yamekuja matokeo ya Gredi ya 9. Hayana alama 500. Mtoto hupewa daraja katika kila somo, kutoka lile la kuzidisha matarajio mpaka lile lililo mbali na matarajio, na daraja zote ni nane. Ni jambo jema. Lakini tayari tumesikia watu wakihesabu, shule fulani imepata wangapi wa daraja la kwanza, na fulani wangapi. Wanaohesabu hivyo wasahau jambo moja. Katika matokeo hayo, sehemu 60 katika 100 ndizo za mtihani wenyewe wa Gredi ya 9. Sehemu 20 ni za kazi alizopimwa mtoto shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Na sehemu 20 zilizobaki ni za mtihani alioufanya Gredi ya 6, kabla hajakanyaga Sekondari Msingi. Kwa hiyo shule ya kati iliyopokea watoto hodari ina sehemu ya sifa mkononi kabla mwalimu wake hajashika chaki, na iliyopokea walio dhaifu ina sehemu ya lawama. Kwa kumweka mtoto mahali pake utaratibu huo waweza kuwa wa haki; kwa kuihukumu shule hauna haki hata kidogo.

Shule yahukumiwa kwa lile ilifanyalo kwa mtoto iliyempata, wala si kwa mtoto iliyempata. Maneno haya ni mepesi kusema, lakini kuyatumia ni kazi, kwa sababu yatulazimu kutenganisha mambo ambayo macho huyaona yamechanganyika.

Kwanza yako mambo ambayo shule ilipewa, au ilinyimwa. Sekondari Msingi ziliwekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, kama ilivyopendekeza kamati iliyoteuliwa mwaka 2022 chini ya Profesa Raphael Munavu, ili watoto wadogo wasipelekwe mbali na kwao. Shauri lenyewe twaliona lina busara. Lakini shule za msingi hazikujengwa na vyumba vya sayansi, na walimu wengi walioletwa waliajiriwa kwa mkataba, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka 2024 wengi wao waligoma, na watoto wakakaa majuma bila masomo. Ilikuwa Januari 2025 ndipo walimu wapatao 46,000 wa namna hiyo walipopewa kazi ya kudumu. Mwalimu aliyesomea Kiswahili na historia alijikuta akifundisha kilimo, na wa hesabu akifundisha michezo na sanaa, kwa kuwa masomo yalikuwa mengi kuliko walimu, hata yalipopunguzwa yakawa tisa. Serikali iliweka shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na walimu wakuu walilalamika mara kwa mara kwamba fedha hizo huchelewa. Mambo hayo si kosa la shule. Atakayeihukumu shule kwa kukosa chumba cha sayansi aandike barua yake Nairobi, asimpelekee mwalimu mkuu.

Walakini hapa ndipo walimu wengi hupenda kupumzika, nasi hatuwaachi wapumzike. Kwa maana shule mbili zaweza kunyimwa sawasawa, zisifanane. Tumeingia katika shule ambayo chupa na vipimo vya sayansi vilivyoletwa na serikali vilikuwa kabatini, bado vimefungwa kwa karatasi zake, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyekwenda likizo. Tulipouliza kwa nini, tukaambiwa ati hakuna chumba. Tumeingia na katika nyingine isiyo na chumba pia, ambamo mwalimu kijana alikuwa amechemsha majani ya kabichi nyekundu juu ya jiko la makaa chini ya mwembe, na watoto wakidondosha ndimu na majivu katika vikombe vya plastiki kutazama rangi ikigeuka. Kile ambacho wote wawili walinyimwa ni kimoja.

Mtu atauliza, mzazi asiye mwalimu atajuaje haya? Twadhani aweza, akiomba kuonyeshwa vitu vichache ambavyo havipambwi kwa ajili ya wageni.

Daftari ni kimoja. Mzazi asiombe daftari la mtoto wa kwanza darasani, ambalo hupendeza po pote. Aombe la mtoto wa nyuma, na la mwezi wa katikati ya muhula. Atazame kama kosa limetiwa alama, kisha atazame, na hili ndilo kubwa, kama mtoto ameliandika tena sawasawa baada ya kukosolewa. Alama ya mkato mwekundu peke yake haifundishi kitu. Tulikuta daftari moja la hesabu ambalo mtoto alikosea kuzidisha sehemu kwa namna ile ile moja tangu Februari mpaka Juni, na kila mara mwalimu alipiga mkato, akaandika tarehe, akatia sahihi. Kazi ya mwalimu ilionekana kuwa kamili, na mtoto alikuwa amesimama pale pale miezi mitano.

Kusoma ni cha pili. Toka mwaka 2010 hivi watu wa Uwezo wamekuwa wakipita Kenya, Tanzania na Uganda wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiasi cha Darasa la 2 waisome, na mara kwa mara wamewaona watoto wa madarasa ya juu wasioweza kuimaliza. Twawasifu kwa jambo moja hasa: walikwenda nyumbani. Aliyeacha shule naye alipewa karatasi akasoma au akashindwa, akahesabiwa. Hapana orodha ya shule bora iliyowahi kumhesabu huyo. Mzazi naye aweza kumwita mtoto ye yote wa Gredi ya 8 akicheza nje, akampa gazeti asome mistari mitano na kueleza maana yake kwa maneno yake mwenyewe.

Lakini kilicho kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni kitabu cha mahudhurio. Watu hukidharau kwa kuwa ni majina na vistari tu. Walioingia Gredi ya 7 walikuwa wangapi? Walioketi mtihani wa Gredi ya 9 walikuwa wangapi? Wasichana wangapi, wavulana wangapi? Na wale waliopungua wako wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, na hilo si neno. Lakini shule isiyojua waliokwenda wako wapi, au ijibuyo kwa kusema "walitoroka" kama kwamba watoto ni ng'ombe waliokata kamba, imekwisha kujihukumu yenyewe. Daraja zote za Gredi ya 9 zahesabu waliobaki. Kitabu cha mahudhurio peke yake chawakumbuka waliokwenda, hata kama ni kwa mstari wa rula.

Mwalimu mwenzetu mmoja, tulipomsomea maneno haya kabla hayajapelekwa kupigwa chapa, alitupinga. Alisema kwamba tukiwafundisha wazazi kuuliza hivi, walimu watapata njia ya kudanganya na hapa pia: majina yatakaa kitabuni bila watoto, na daftari za wageni zitaandaliwa kando. Hatukumshinda katika hoja hiyo. Kipimo cho chote mtu akipatiacho sifa au mshahara atakipinda. Twasema tu kwamba ni vigumu zaidi kupinda mambo matatu kuliko kupinda moja, na kwamba mtoto akiulizwa mwenyewe husema kweli kuliko takwimu. Akatupinga tena kwamba mitihani ina faida, kuwa mtoto wa maskini hana shahidi mwingine ila alama zake. Hilo twalikubali kabisa. Sisi wenyewe tulipata nafasi ya sekondari kwa mtihani, bila kujuana na mtu. Mtihani ni shahidi wa mtoto; ubaya ulianza ulipofanywa kuwa shahidi wa jengo.

Tukarudi kwa jirani yetu, tukamwambia kwamba jina tulilompa tulilitoa hewani, atusamehe. Alicheka, akasema alikwisha kudhani hivyo. Tukampa yale maswali. Juma lililofuata alikwenda kwanza katika shule tuliyoitaja, akaomba kuona hesabu za mahudhurio. Akaambiwa kwa adabu kwamba ni siri ya ofisi, akaonyeshwa vikombe vya mpira. Kisha akaenda katika ile ambayo binti yake ameanzia, yenye kuta zilizochunika na vyoo ambavyo, alivyotuambia, havitoshi. Naibu wa mwalimu mkuu akamfungulia kitabu juu ya meza. Mwaka 2023 waliingia Gredi ya 7 watoto 61. Waliofanya mtihani mwaka 2025 walikuwa 52. Akauliza habari za wale tisa. Mwalimu hakutazama kitabu. Akahesabu kwa vidole. Watano walihama na wazazi, na shule walizokwenda akazitaja. Mmoja alifariki. Wawili walikuwa wakifanya kazi sokoni, na mwalimu alikuwa amekwenda kwao mara tatu, mmoja ameahidi kurudi Januari. Wa tisa alikuwa msichana, amejifungua mwezi wa Agosti. Mama yake amekubali kumlea mtoto, na dawati lake liko.

Jirani yetu akamwuliza, "Na atakaa Gredi gani huyo?"

"Ya 9," akajibu. "Alikuwa amefika nusu yake."

Binti wa jirani yetu alianza Gredi ya 7 pale pale Januari mwaka 2026.